Isnadi ya Nuru

Kaburi ninalotaka kulisimulia liko Kinondo, kusini ya Diani, mahali ambapo njia itokayo Ukunda, ikiisha kuipita Galu, huanza kujipenyeza baina ya vichaka vya mawe ya matumbawe na mashamba ya minazi. Nalo ni kaburi la kale, la mawe na chokaa, ambalo jamaa zetu wamelifagia vizazi kwa vizazi bila ya yeyote miongoni mwao kujua kwa yakini ni la nani. Kama yalivyo makaburi ya Waislamu wa pwani hii, ambao kibla chao ki kaskazini, limelala mashariki kwa magharibi, na kwa hivyo ubavu wake mmoja watazama kaskazini na wa pili watazama kusini. Na katika ubavu huu wa kusini pana mraba wa lipu, mpana kama mkeka wa kusalia wa mtoto, wenye mifuo ya kale iliyofutikafutika kwa mvua na chumvi ya bahari.

Juu ya mraba huo palikuwa na khitilafu katika ukoo wetu, khitilafu ya adabu lakini isiyokwisha. Ami yetu mmoja, aliyekuwa akija kutoka Mombasa kila mwezi wa Desemba, alikuwa tayari kula yamini kwamba pale pana maandishi, na kwamba ameyaona kwa macho yake. Na shangazi yetu, aliyezoea kuja kuzuru mwezi wa Julai, alikuwa akimcheka, akisema kwamba ametazama mpaka macho yamemtoka maji, wala hakuona illa lipu tupu iliyoota ukungu. Wote wawili walikuwa watu wa kweli. Mimi niliyekaa hapahapa mwaka mzima niliona walivyoona wote wawili, na kwa sababu hiyo nikawa sina kauli.

Sababu yenyewe iko mbinguni. Kinondo iko nyuzi nne na kitu kusini ya mstari wa ikweta, na kwa hivyo tangu Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini yetu, na ubavu wa kusini wa kaburi hukaa kivulini. Kisha tangu Oktoba mpaka Machi jua huhamia kusini yetu, likawa linauteremkia ubavu ule kwa mshazari, kiasi cha kila mkwaruzo kupata ukingo wake wa giza na ukingo wake wa nuru. Kusi ikivuma, jua liko kaskazini; kaskazi ikivuma, jua liko kusini; kama wapangaji wawili wa chumba kimoja ambao kila mmoja huingia mwenziwe akitoka. Ami yetu alikuja na jua la kaskazi, shangazi yetu alikuja na kivuli cha kusi, na kila mmoja alidhani kwamba analitolea jiwe ushahidi, kumbe alikuwa akiutolea ushahidi mwanga.

Msomaji yamkini atakumbuka hapa kile kisa cha tembo, ambacho Imamu Ghazali alikitaja kwa vipofu na Jalaluddin Rumi akakitia katika Mathnawi yake kwa watu wa gizani, na ambacho siku hizi hutolewa katika kila mkutano kana kwamba ndicho kisa pekee duniani. Namwomba akiweke kando. Watu wa tembo walitafautiana kwa kuwa kila mmoja alisimama mahali pake na kushika kiungo chake, na dawa yao ilikuwa ni kuzunguka. Ami na shangazi walisimama mahali pamoja, juu ya jiwe moja la kukalia, wakatazama mraba mmoja. Hakuna hata mmoja wao ambaye angaliweza kuponywa kwa kuzunguka, kwani kilichokuwa kimehama si mtazamaji bali ni taa. Tumezoea kusema kwamba mwenye kutaka haki na atazame jambo kutoka pande nyingi. Ni maneno mema, lakini yanamsahau mtu wa tatu aliye baina ya jicho na kitu, yaani nuru, ambayo nayo ina upande wake.

Mwaka juzi alikuja kwangu mpwa wangu, kijana aliyesoma hisabati za kompyuta, amebeba kamera yenye kigoda cha miguu mitatu na kurunzi moja kali. Kwetu Udigoni mjomba ana haki zake na mpwa ana zake, hata baada ya sheria ya mirathi ya Kiislamu kuipindua ile desturi ya kurithi kwa upande wa mama, basi sikuweza kumzuia. Akanambia, "Mjomba, jiwe hili halina haja ya kungoja Desemba. Tutalitengenezea Desemba na Julai na miezi yote katika usiku mmoja."

Elimu aliyokuja nayo si ya jana. Johann Heinrich Lambert, mzaliwa wa Mulhouse, alieleza katika kitabu chake cha Photometria, mwaka 1760, jambo ambalo kila mwenye kuanika mhogo pwani hii alilijua bila ya kuliandika: kwamba ukiuelekeza mkeka sawasawa na jua utapokea mwanga wote, na kwamba kadiri unavyouinamisha ndivyo mwanga uleule unavyotandaa na kufifia, kwa kipimo kinachohesabika. Basi uso usiong'aa, kama chokaa au udongo au karatasi, hueleza kwa kiasi cha weupe wake umeinama kiasi gani mbele ya taa. Ugumu ni kwamba weupe una baba wawili. Mahali pakionekana peusi katika picha, huenda pakawa peusi kwa kuwa pamegeuza uso, na huenda pakawa peusi kwa asili yake, kwa ukungu au masizi. Na picha moja haina uwezo wa kutenga kivuli na doa. Berthold Horn, katika chuo cha MIT kule Marekani, alijaribu mwaka 1970 kulitoa umbo katika picha moja tu, na ikambidi akope dhana nyingi ambazo jiwe halikuzitoa. Ndipo Robert Woodham wa Chuo Kikuu cha British Columbia, mwaka 1980, akaonyesha njia iliyo nyepesi kiasi cha mtu kujilaumu kwa kutoifikiria: acha kamera isitikisike, hamisha taa, piga picha tatu. Katika kila nukta ya jiwe kuna mambo matatu tusiyoyajua, nayo ni mwinamo wake wa kando, mwinamo wake wa juu na chini, na weupe wake wa asili; na taa tatu hutoa hesabu tatu. Doa hubaki na weusi wake kila taa inapotoka, kivuli hukimbia. Mwaka 2001 Tom Malzbender na wenziwe wa kampuni ya Hewlett-Packard wakatengeneza njia iliyo ndugu ya hiyo, na miaka minne baadaye wakaipeleka Athens, wakasoma nayo herufi zilizokuwa hazisomeki katika vipande vya shaba vya chombo cha falaki cha Antikythera, vilivyokaa chini ya bahari kwa karne nyingi.

Nilipoyasikia hayo niliona haya kidogo, kwani nimeishi na mafundi wa lipu maisha yangu yote, na fundi wa lipu, hata asiyejua alifu kwa kijiti, akimaliza ukuta hungoja magharibi, akaleta taa, akaiegemeza ukutani kwa ubavu. Hapo kila bonde na kila kilima alichokificha mchana kwa msasa hujitokeza kumshitaki. Hajui hisabati yake lakini ajua sheria yake.

Tulitoka baada ya sala ya isha. Usiku ulikuwa hauna mwezi, na hilo tulilichagua, kwa kuwa mwezi ni taa isiyoalikwa. Kijana akaisimamisha kamera mbele ya mraba, akakata uzi wa urefu wa pima moja na nusu ili kurunzi isikaribie wala isiwe mbali katika kila kituo, mimi nikashika ncha ya uzi penye jiwe na yeye akashika ncha ya pili penye taa, akawa anazunguka kama atangazaye ngoma, akisimama, akipiga, akisogea, mara 24, na kila kituo akikiandika katika daftari. Nilichokiona usiku ule sitakisahau. Mraba uleule ambao nimepita mbele yake tangu utoto ulikuwa kila taa inaposogea unabadili uso, mara ukikunja ndita, mara ukilainika, mara ukifungua midomo, mpaka nikaingiwa na haya, kana kwamba nimemwamsha mzee wa watu usingizini na kumtazama kabla hajanawa.

Asubuhi akanionyesha katika kompyuta umbo lililotoka. Lilikuwa zuri mno. Kamba mbili zilizosokotana zilikuwa zimetokeza juu ya lipu, nono, kila uzi wake umehesabika, na katikati pana kinundu kirefu kilichopinda kama herufi ya wau. Jamaa wakakusanyika, ami akachekelea. Mimi, kwa tabia ya uzee ya kutoamini kilichokaa nyuma ya kioo, nikaenda kaburini nikaweka kidole. Kidole kilizama. Kamba hazikutokeza hata unywele. Zilikuwa zimechimbwa, na kinundu cha wau kilikuwa ni mfuo.

Kosa lilipatikana saa ya alasiri, nalo lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha. Kijana alianza mzunguko wake kutoka chini ya mraba, na katika daftari akaandika kwamba ameanza juu. Mduara wote ukawa umegeuka nusu, kila taa imehesabiwa mahali pa taa iliyo mkabala wake. Basi hesabu ikalipindua jiwe ndani nje. Lakini lililonishughulisha si kosa lenyewe, kwani nani asiyekosea gizani. Lililonishughulisha ni kwamba hesabu haikulalamika. Nilimwuliza, "Je, mashine haikuona dalili yoyote ya ubovu?" Akanijibu kwamba hapana, Mjomba, kila nukta imekubali, kwani jiwe lililochimbwa chini ya taa za kweli na jiwe lililotokeza chini ya taa zilizogeuzwa hutoa picha zilezile kamili. Uongo ule ulikuwa umejikamilisha, hauna ufa ndani yake. Ulivunjwa na kitu cha nje, kidole.

Na jambo hili lina upana kuliko daftari la mpwa wangu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Peter Belhumeur, David Kriegman na Alan Yuille walithibitisha kwa burhani ya hisabati kwamba mtu asiyejua taa zake zilikaa wapi, hata akipiga picha elfu, hawezi kulitambua umbo moja. Kwani nakshi yaweza kubanwa ikawa bapa, au kuinamishwa, na weupe wake na mahali pa taa vikibadilishwa kwa kadiri inayolingana, picha zitabaki zilezile, hata mipaka ya vivuli itabaki mahali pake. Wachonga milango wa Lamu na Unguja walikula mkate wao kwa siri hiyo: hukata mti kina cha ukucha, na mpita njia huona jani nene la kulishika. Picha zikizidi hazimfai kitu asiyejua zilitoka katika nuru gani.

Nililala na maneno hayo, na kilichonijia ni darasa la zamani, chini ya mwembe, la mwalimu wetu aliyetufundisha misingi ya elimu ya hadithi. Alikuwa akituzoeza kukata kila hadithi vipande viwili: matini, ambayo ndiyo maneno yenyewe, na isnadi, ambayo ni mlolongo wa watu, huyu kapokea kwa yule, na yule kwa yule, mpaka mwanzo. Mtoto hupenda matini, kwa kuwa ndiyo yenye maana na utamu, na huona isnadi kama orodha ya majina ya kuchosha. Mwanachuoni hufanya kinyume. Huanza na majina, akauliza kila mtu aliishi lini, alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje, alikuwa mkweli au msahaulifu. Kwani ajua kwamba matini iliyotungwa kwa ustadi yaweza kuwa tamu na sawa na isiyo na kasoro ndani yake, na hali ni ya uongo. Picha ya kwanza ya kaburi letu ilikuwa matini ya aina hiyo. Picha, nikajisemea, ni hadithi ambayo jiwe limeisimulia kwa nuru na nuru ikaisimulia kwa kamera, na sisi tulikuwa tumepokea maneno bila ya kumchunguza mpokezi wa kati.

Usiku wa pili kijana alikuja na gololi. Ni gololi ya kuchezea watoto, ya kioo, aliyoipaka rangi nyeusi mpaka ikang'aa kama jicho la ngamia, akaibandika kwa kipande cha nta kandokando ya mraba, ndani ya picha. Kazi yake ni moja. Taa ikiwaka, juu ya weusi wa gololi huzuka nukta moja ya nuru, ndogo kama punje ya ulezi. Taa ikisogea, nukta nayo husogea. Na kwa kuwa nuru huruka kutoka katika kioo kwa pembe sawa na ile iliyoijia, mahali pa nukta ile hutosha kuhesabu taa ilikuwa upande gani, bila ya daftari na bila ya kumwuliza mtu. Gololi haina habari ya kaburi. Haisemi kama pana kamba au pana herufi, wala haijali. Husema tu: nuru hii imetoka kule. Kila picha kati ya zile 24 ikawa imebeba ndani yake isnadi yake yenyewe.

Wala si ajabu kwamba kitu hiki kinapatana na fikra zetu za kale, kwa sababu asili yake iko humo. Hasan bin al-Haitham wa Basra, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, katika Kitabu cha Manadhir alijishughulisha na mushkili wa kioo cha mviringo, yaani kutafuta ni nukta gani juu ya uso wake inayoirudisha nuru ya taa fulani kwenye jicho fulani, na mushkili huo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Yeye huyohuyo alihesabu mambo 22 ambayo jicho huyatambua, na ukali na ulaini wa uso akavitia humo, akieleza kwamba ukwaruzu hujulikana kwa vivuli ambavyo sehemu zilizoinuka huzitupia zilizoinama. Zaidi ya hayo alisema jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu zote: kwamba machache katika hayo hupatikana kwa hisi tupu, na mengi hupatikana kwa kupambanua na kukisi, isipokuwa akili hukisi kwa haraka sana hata mtu akadhani ameona. Ami yetu hakuona maandishi. Aliona ncha za giza, akakisi, na makisio yake yakamjia yamevaa kanzu ya kuona.

Ghazali naye, katika Al-Munqidh, anapoeleza jinsi yakini ilivyomtoka, hakutafuta mfano wa mbali. Alichukua kivuli, ambacho jicho hukitazama na kukihukumu kwamba kimetulia, kisha baada ya saa moja mtu huona kwamba hakikuwa kimetulia hata dakika. Kitabu hicho alikiandika katika miaka ya mwisho ya uhai wake, naye alifariki mwaka 505 wa Hijra. Na katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe ya kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Hata mtu aweza kusema kwamba wakati imamu wa Khurasani anakishuku kivuli, fundi wa pwani yetu alikuwa akikitegemea, kwani herufi iliyochongwa katika jiwe jeupe haina wino mwingine. Bila ya kivuli ukuta ule ungekuwa bubu. Nimefikiri mara nyingi juu ya aya ya 45 ya Suratul Furqan, ile inayotaja kivuli na jua pamoja, na kulifanya jua kuwa ni dalili. Zamani nilikuwa nikiisoma nikiwaza kupoa kwa alasiri na rehema ya mti, na sasa nasita katika neno lile moja, dalili.

Sidai makubwa kwa mashine. Ina udhaifu wake, na nitautaja kwa haraka. Hupotea mbele ya kila king'aacho, kwa sababu bahari ya Kinondo, na samaki, na jiwe lililolowa mvua haviitii sheria ya Lambert. Haijui umbali wala kimo, yajua mwinamo tu, na umbo hulijenga kwa kuunga mwinamo na mwinamo, kama mtu apandaye kilima gizani akipapasa kwa fimbo na kuhesabu hatua. Kosa dogo la kila hatua hujumlika, na ukuta ulionyooka ukatoka umebinuka kama tumbo la jahazi. Kubwa kuliko yote, hutoa uso na haitoi chengine. Kijana alipoligeuza kaburi katika kioo ili anionyeshe ubavu wake, nyuma hapakuwa na kitu. Lilikuwa ganda, kama ngozi aliyoivua nyoka, yenye kila gamba mahali pake na hamna nyoka.

Lile ganda ndilo lililonifanya nimkatalie ombi lake la pili. Kutoka kaburini ni mwendo mfupi tu mpaka msitu wa Kaya Kinondo, wa hekta 30 hivi, ambao mwaka 2008 UNESCO iliuandika pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika urithi wa dunia, na ambamo mgeni huingia amejifunga kaniki, amevua alichovaa kichwani, wala hatoki hata na jani. Mna mahali mle ambapo kamera haitolewi. Kijana alitaka niwaombe wazee, akisema kwamba kurunzi yake haigusi kitu, haichukui kitu, na kwamba nuru haina madhara. Sikuwaomba. Nilimwambia kwamba giza ni la aina mbili, na kwamba Kiswahili, ambacho ni lugha ya watu waliojenga nyumba zenye madaka na viambaza na ua wa ndani, kina jina la giza la pili: sitara. Giza la ujinga ni haki yetu kuliondoa, na kaburi letu lilikuwa katika hilo, kwani sisi ndio tuliosahau. Sitara imewekwa na mtu anayejua kilichomo, na taa inayoingia humo hairudi na elimu, hurudi na uso. Kijana hakukubaliana nami. Alisema kwamba kila aliyeficha ujinga wake aliuita sitara. Nilimwambia kwamba hilo nalo ni kweli, na tukaliacha.

Matokeo ya usiku wa pili yalikuwa haya. Kamba zilitoka zimechimbwa, kama kidole kilivyosema. Wau haikuwa wau. Herufi hapakuwa hata moja katika mraba mzima. Palikuwa na nakshi ya kamba ukingoni, na katikati mfuo mmoja mrefu, mpana kwa upana wa kidole cha mtu, uliopinda na kuishia katika kijilundo cha chokaa, pamoja na mingine mitatu mifupi chini yake. Fundi, lipu ilipokuwa bado mbichi, alipitisha kidole. Kwa nini alipitisha, ikiwa ni kujaribu ugumu wa chokaa, au ni kumfukuza mdudu, au ni kuchoka tu, hakuna taa itakayosema.

Ami alinyamaza siku mbili. Lakini aliyenitia wasiwasi ni babu yetu mkongwe, ambaye ndiye aliyetufundisha sote kwamba pale pana jina, naye alilipokea kwa baba yake, na baba yake kwa nyanya yake, isnadi iliyonyooka, ya watu ninaowajua kwa ukweli na kwa hifadhi. Hapo nikaona kwamba nimefika mahali pabaya katika mfano wangu mwenyewe. Mlolongo wake ulikuwa sahihi. Kila mmoja alimwambia aliyemfuata alichoambiwa, bila ya kuzidisha. Ubovu, kama ulikuwapo, ulikuwa katika kiungo cha kwanza kabisa, katika mtu fulani aliyesimama mbele ya mraba ule mwezi wa Desemba, jua likiwa kusini, akakisi na asijue kwamba amekisi. Hakuna elimu ya rijali, ile ya kuwachunguza wapokezi, itakayomkamata mtu huyo, kwani hakusema uongo. Na hata hivyo sikuona kwamba gololi ina haki ya kumnyang'anya mzee jina lake, maadamu jina halikutakiwa kuwa katika chokaa ili liwe limeitwa.

Nilimwendea nikamwambia kwa taratibu. Macho yake yana mtoto wa jicho, hakuweza kuiona picha, nami sikumwonyesha. Alikaa kimya, kisha akasema, "Taa yenu imeliuliza jiwe. Mimi hakuna aliyeniuliza." Nikamwuliza anataka kuulizwa nini. Akasema tumpeleke.

Yeye mwenyewe katika ujana wake alikuwa fundi wa chokaa, amechoma matumbawe na kupiga lipu tangu Msambweni mpaka Tiwi. Tulimkalisha juu ya lile jiwe la kukalia, mpwa wangu akamshika mkono, akauelekeza kwenye mraba. Mzee akausukuma mkono wa kijana, akapapasa peke yake, akaipata kamba, akaifuata pembeni kwa kucha, akaishukia katikati, akauona mfuo. Akaweka kidole cha shahada ndani yake, kikaenea. Akakipitisha mpaka kwenye kile kijilundo cha mwisho, akarudi mwanzo, akakipitisha tena. Kisha akautoa mkono wa kulia, akaweka wa kushoto.

"Huyu alikuwa wa shoto," akasema, akaomba kopo la maji anawe vumbi.